Zebaki Ndani ya Bawa

— Huyu Dada wa Stoo ni nani yako?

Fundi ndege aliganda mlangoni, buti moja mguuni, lingine mkononi. Mkewe alikuwa na mtoto mgongoni na simu ya mumewe kiganjani. Ujumbe ulikuwa bado unawaka: "Ya kwenye bawa yaishie kwetu wawili. Mkeo asijue."

— Mke wangu, sivyo unavyofikiri.

— Mimi sijafikiri, nimesoma! Ndani ya bawa la ndege, baba? Mmekosa hata kitanda?

Siku nyingine angecheka. Leo alikaa chini sakafuni.

— Kile kipimajoto unachokitafuta tangu jana... nilikuwa nacho mfukoni.

Jana asubuhi mtoto aliamka anachemka. Baba ndiye aliyempima, kisha akatoka mbio kuwahi kazini.

— Kilinipasukia ndani ya bawa nikigonga ribiti, zile pini za kuunganisha bati. Zebaki ikamwagika. Dada wa Stoo, mtunza vifaa wetu kazini, akaniona nafuta, akasema tufunge midomo.

— Si umefuta? Sasa tatizo nini?

— Bawa ni aluminiamu, ndugu yake sufuria zako, ila imechanganywa na shaba kidogo iwe ngumu bila kuwa nzito. Zebaki ikipata mkwaruzo tu, inaitafuna kimyakimya. Na sina hakika niliimaliza yote.

— Inaruka lini?

— Leo mchana.

— Piga simu.

— Nitafukuzwa! Huyu mtoto tutamlisha nini?

— Na watakaopanda, wao hawana watoto? Nilidhani nimeibiwa mume. Usinifanye nijute kwamba bado ninaye.

Akapiga.

— Mkuu, ile ndege isiruke.

Sauti nzito ikajibu: "Njoo. Sasa hivi."

Jioni alirudi bila kitambulisho cha kazi shingoni. Mkononi alikuwa na kifuko cha nailoni kilichofungwa vizuri, ndani yake kipande cha bati la bawa kilichoota manyoya meupe pale zebaki ilipokitafuna.

— Nimemwambia Mkuu ni wewe uliyenisukuma nipige, kasema nikuonyeshe.

Mkewe akakibonyeza kwa juu ya nailoni. Kikamong'onyoka kama biskuti.

— Mungu wangu! Hiki ndicho kilichokuwa kiruke na watu?

— Nimesimamishwa. Kama wataniita tena, sijui.

— Na Dada wa Stoo?

— Naye kasimamishwa, yuko nyumbani kwake.

— Aje aniombe radhi kwa mdomo wake! Asubuhi nimeonea wivu kipimajoto!

Akamfungua mtoto mgongoni, akampa baba yake. Kipimajoto hakikuwapo, basi mwanaume akaweka kiganja kwenye kile kipaji kidogo cha uso, akakiacha hapo muda.

— Amepoa, alinong'ona, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mkewe akaweka mkono wake juu ya wa mumewe.