Uzi wa Kulabu ya Sita

Chungu cha maua kilianza kugonga siku isiyo na upepo.

Rusana alikuwa kwenye benchi kando ya nyumba, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Ko. Ko. Akainua macho. Vyungu vitano vilining'inia kimya kwenye ukuta wa mbao. Cha sita, cha karibu na mlango, kilikuwa kinajigonga taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Aliona uvivu hata kushangaa. Miaka kumi na moja alikuwa Italia akiwageuza wazee wa watu vitandani, na sasa amerudi kwao, milima ya Rodopi, apumzike na mumewe na kumwagilia maua yake. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Mumewe, Velko, ndiye aliyevitundika, mwezi Mei. Futikamba ya kupimia haikuonekana, na kwa Velko kupanda ghorofani kutafuta kitu ni safari ya kwenda Sofia, mji mkuu.

"Simama hapo, bibie," alisema. "Nikitundika juu sana utanisumbua na ngazi kila siku."

Jua lilimpiga Rusana mgongoni, kivuli chake kikalala ukutani. Velko akachukua uzi mwekundu wa sufu, akakipima kivuli kutoka chini hadi utosini, akatia alama. Kwenye kulabu ya mwisho ubao ulikuwa mkuukuu, tundu likatokea pana. Akausokota uzi uleule, akaushindilia tunduni, akakaza skrubu. Ikashika barabara.

Tangu hapo Rusana alichoka uchovu mwingine, wa kuchotwa. Alikimwagilia chungu cha sita wala hakikudondosha tone, na ukuta ukaanza kunuka mbao mbichi na udongo uliolowa, hadi adhuhuri moja, akianika mashuka, alisikia ndani ya mbao mwanamke akiimba chinichini wimbo anaouimba yeye mwenyewe akifua, akivuta pumzi palepale anapovuta yeye, na alipotazama shuka mbele yake akaona kivuli cha kamba, cha vibanio, cha kapu la nguo, ila chake hakikuwepo.

"Velko," alinong'ona. "Mimi nipo hapa?"

"Sasa uwe wapi?"

"Angalia shuka."

Velko akaangalia. Akavua kofia, akakaa chini kwenye nyasi.

Akaitwa jirani yao, Bibi Tonka, anayewaagua walioingiliwa na hofu kwa kumwaga risasi iliyoyeyuka ndani ya maji. Hakumwaga kitu. Aliunusa ukuta tu.

"Nani kampima huyu?"

"Mimi, bibi," Velko akajibu kwa sauti ndogo. "Uzi upo tunduni."

"Na babu yako alikuwa mwashi. Alikufundisha nini, kunywa? Waashi wa zamani walikipima kivuli cha mpita njia kwa uzi wakakizika ukutani, nyumba isimame. Siku arobaini, mtu kwisha. Anabaki jini wa nyumba." Akamtazama Rusana. "Leo ya ngapi?"

"Ya thelathini na nane."

"Utoeni. Lakini tundu lisibaki tupu. Nyumba ikishaonja haikubali kunyang'anywa. Pimeni kivuli cha jogoo, mtie uzi wake."

Jogoo! Kijiji kilikuwa kimebaki na watu kumi na mmoja, wote wazee, na kuku wa mwisho aliliwa na mbweha wakati wa theluji. Velko alitoka kesho yake asubuhi na fimbo. Alirudi alasiri.

"Nimempata," alisema. "Bonde la pili. Wewe kalale, mama."

Akiwa kitandani Rusana aliisikia skrubu ikilia, ikitoka, ikirudi.

Asubuhi aliamka mwepesi. Uani kivuli chake kilimtangulia, kirefu, na alicheka peke yake kwa furaha. Akachukua ndoo, akamwagilia chungu cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita, nacho kikadondosha maji kama vyungu vya watu. Ndipo alipoiona alama mpya ya penseli ubaoni, shubiri moja juu ya utosi wake. Jogoo gani ana urefu huo?

Ndani ya ukuta mtu akakohoa, kikohozi cha tumbaku anachokijua miaka thelathini.

Velko alikuwa kwenye benchi juani, anamenya maharage. Chini palikuwa na kivuli cha benchi na cha bakuli, basi.

"Velko, jogoo alikuwa wa nani?"

"Mwagilia maua yako, mama. Nimechoka kidogo tu."

Rusana akaweka ndoo chini, akakitazama kivuli chake, akaingia ndani kutafuta uzi.