Vyungu vya Rafu ya Mlangoni

Kila asubuhi Awiti na mume wake, Nashon, walitoka Lindi, Kibera, wakatembea hadi Gatina, kule Kawangware. Njiani walikutana na watoto wa shule. Wasichana wa sweta za buluu walishikana mikono na kucheka. Awiti alipunguza mwendo ili awatazame.

"Twende, Mama Aluoch," Nashon alisema. "Udongo unatungoja."

Awiti aliongeza mwendo. Aluoch, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka saba. Aliishi na nyanya yake upande wa ziwa, mbali na Nairobi. Walimpeleka huko biashara ilipoyumba. Walisema, "Ni kwa muda kidogo tu." Muda kidogo ukawa miaka mitatu.

Huko Gatina walikodi kibanda cha mabati kwenye ploti ya Mzee Naftaly. Walifinyanga vyungu vya jiko. Chungu cha aina hii huwekwa ndani ya jiko la bati. Hushika joto, na mkaa hauishi haraka. Mwaka huo, 1993, watu wengi waliyapenda majiko hayo. Mafundi wa bati wa mtaa wa Makina waliagiza vyungu kila mara.

Shida ilikuwa moja. Vyungu vilipasuka.

Kila walipofungua tanuri, Awiti aligonga vyungu kwa kidole, kimoja kimoja. Chungu kizima hulia vizuri, ngiii. Chenye ufa husema ko, basi. Siku hizo Awiti alisikia ko, ko, ko, na moyo wake ukashuka.

Nashon alifanya kazi na Okeyo, rafiki yake tangu utotoni. Nashon alikaa ndani kabisa, karibu na ukuta wa nyuma. Okeyo alikaa karibu na mlango kwa sababu alipenda mwangaza. Kila mmoja alikausha vyungu vyake kwenye rafu iliyokuwa karibu naye. Okeyo alibonyeza kidole gumba chini ya kila chungu chake. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake.

Siku moja walifungua tanuri wakakuta hasara kubwa. Nashon alipindua vyungu vibovu. Karibu vyote vilikuwa na alama ya kidole gumba.

"Okeyo, unatuua," alisema. "Kazi yako ni ya haraka haraka."

"Mimi? Nafinyanga vile unafinyanga. Tulifundishwa pamoja, omera, ndugu yangu."

"Basi mbona vyangu ni vizima?"

Okeyo aliinuka. Alivua aproni yake ya gunia, akaitundika msumarini, akatoka. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Wiki hiyo hiyo Audrey, binamu ya Awiti, alifika kutoka nyumbani, upande wa ziwa. Alileta samaki wakavu na salamu.

"Aluoch hajambo," alisema. "Amekuwa mrefu! Anachota maji, anaimba kanisani. Na siku hizi anamwita nyanya yake mama."

Audrey alicheka. Awiti pia alijaribu kucheka. Kisha alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba mpaka macho yake yalipokauka.

"Nataka mtoto wangu," alimwambia Nashon alipoingia.

"Hata mimi namtaka. Lakini tumlete ale nini? Wiki moja tunapata, wiki moja tunatupa. Siwezi kumwambia mwalimu mkuu angoje karo mpaka tanuri lifunguliwe."

Jumamosi iliyofuata Nashon alikuwa amesimama kibandani, akilaumu udongo. Okeyo alikuwa ameondoka, na bado vyungu vilipasuka.

"Udongo huu ni mbaya," alisema kwa hasira. "Nitatafuta mwingine."

Wangeci, binti ya Mzee Naftaly, alikuwa amekuja kumwona baba yake. Alisikia, akasogea. Wangeci alifanya kazi katika kiwanda cha chupa, Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kukagua chupa zenye kasoro.

"Umejuaje ni udongo?" aliuliza.

"Nahisi tu."

"Na kabla ya hapo?"

Nashon aliangalia chini. "Nilihisi ni Okeyo."

"Kwetu chupa zikianza kupasuka, kila mtu anahisi kitu," Wangeci alisema. "Huyu anasema ni mashine, yule anasema ni mtu wa zamu ya usiku. Bosi akifuata hisia, anaweza kumfuta kazi mtu asiye na makosa. Kwa hivyo tunahesabu kwanza."

"Si hata mimi nahesabu? Najua vimepasuka vingapi."

"Unahesabu vibovu peke yake. Hesabu na vizima. Halafu uliza: hivi vilitoka wapi, na vile vilitoka wapi? Nani alivifinyanga? Vilikaushwa wapi? Badilisha kitu kimoja, vingine viache vile vile. Hapo ukweli hauna pa kujificha."

Awiti alisogea karibu. "Tuanze vipi?"

"Sasa hivi anayefinyanga ni Nashon peke yake?"

"Ndiyo. Lakini anatumia rafu zote mbili."

"Vizuri. Mkono ni mmoja, udongo ni mmoja. Wekeni alama. Chungu cha rafu ya mlangoni, nukta. Cha rafu ya nyuma, mstari. Mkivipanga ndani ya tanuri, vichanganyeni, ili moto usionee upande mmoja. Na msiamini mara moja tu. Mara moja inaweza kuwa bahati."

Awiti alipasua katoni kuukuu, akaitundika ukutani. Kwa kipande cha mkaa alichora sehemu mbili: mlangoni na nyuma. Katika kila sehemu aliacha nafasi ya vyungu vizima na nafasi ya vibovu. Kila chungu kilipata kijistari kimoja. Baada ya vijistari vinne, cha tano alikipitisha juu yao, ili kuhesabu kuwe rahisi.

Walichoma mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Awiti aligonga, akasikiliza, akachora.

Baada ya mara ya tatu walisimama mbele ya katoni. Hakuna aliyehitaji kueleza. Katika kila vyungu kumi vya mlangoni, vinne vilikuwa vimepasuka. Vya nyuma havikufika hata kimoja katika kumi.

"Ni rafu," Nashon alisema polepole.

Awiti alikwenda mlangoni. Aliweka kiganja mbele ya chungu kibichi. Upepo ulimpiga mkononi, na jua lilikuwa kali. Aligusa upande wa nje wa chungu. Ulikuwa mkavu na mweupe. Aligusa upande wa ndani. Bado ulikuwa na maji.

"Upande mmoja unakauka haraka, unajivuta," alisema. "Mwingine bado umelala. Lazima kipasuke."

Kisha akamgeukia mume wake. "Okeyo ndiye alikuwa anakausha hapa."

Nashon alikaa juu ya ndoo. Alifunika uso kwa mikono yenye udongo.

Jioni hiyo alimtafuta Okeyo. Alimkuta kwenye mjengo, akibeba karai la kokoto. Mgongo wa shati lake ulikuwa umechanika.

"Okeyo, haikuwa mkono wako. Ilikuwa mlango."

"Mlango?"

Nashon alimweleza yote: nukta, mistari, upepo. Okeyo alisikiliza bila kuweka karai chini.

"Nilikwambia tulifundishwa pamoja," alisema mwishowe.

"Uliniambia. Sikusikia. Nisamehe, omera. Rudi."

Okeyo alitazama kokoto, akatazama rafiki yake. "Nimalize siku yangu hapa," alisema. "Halafu nitakuja. Lakini ukinilaumu tena, leta hesabu."

Walihamisha rafu ya mlangoni ndani, kwenye kivuli. Walifunika vyungu vibichi kwa magunia, wakavigeuza kila asubuhi ili vikauke pande zote sawa. Tanuri lilipofunguliwa, Awiti aligonga kwa muda mrefu. Ngiii. Ngiii. Ngiii.

Wangeci alipokuja tena alifurahi. Lakini Awiti alikuwa na swali lingine.

"Je, kuhesabu kunaweza kuniambia mtoto wangu atakuja lini?"

Wangeci hakucheka. "Hapana, Mama Aluoch. Lakini kunaweza kukusaidia kupanga. Vyungu vinatakiwa sana mwezi gani?"

"Mwezi wa baridi, nafikiri."

"Usifikiri. Chora. Kila mwezi, weka alama ya kila oda ya mafundi. Hata zile mnazokosa kwa sababu hamna vyungu. Hizo ndizo watu wanasahau. Mwisho wa mwaka utaona umbo la biashara yako."

"Mwaka mzima?" Awiti aliuliza.

"Pole. Mwaka una mvua yake na baridi yake. Ukitazama nusu, utaona nusu."

Mwaka wa 1994 ulikuwa mrefu. Krismasi ilipita tena, Aluoch akiwa mbali na wazazi wake. Awiti alimtumia gauni kupitia kwa Audrey. Hakujua kipimo chake, akakisia. Baadaye alisikia kwamba lilikuwa dogo.

Lakini katoni ya pili ilijaa. Alama za Juni na Julai zilipanda juu kama ukuta. Za Januari zilikuwa chache. Na Awiti aliona jambo jingine. Aprili na Mei, kwa sababu ya mvua, vyungu havikukauka. Kwa hivyo baridi ilipoingia na oda zikaja, wao hawakuwa na kitu. Oda nyingi za Juni walikuwa wamezikosa.

"Tunalala wakati wa jua, tunakimbia wakati wa baridi," Okeyo alisema.

Mwaka wa 1995 walifanya kinyume. Januari hadi Machi, jua likiwaka, walifinyanga na kuchoma. Mzee Naftaly aliwapa stoo. Vyungu vilipangwa humo mpaka karibu na paa. Baridi ya Juni ilipokuja, mafundi wa Makina walikuja mbio, na vyungu vilikuwapo. Wateja hawakurudisha tena majiko yenye vyungu vilivyopasuka. Agosti ilipofika, Awiti na Nashon walijua watakachopata mwezi uliofuata, na ule baada yake. Walitafuta nafasi ya shule. Kisha Awiti akapanda basi la kwenda ziwani.

Aluoch alikuja. Alikuwa mrefu, mwenye aibu, na mikono iliyozoea kazi. Alisalimia vizuri, akajibu alipoulizwa. Nashon alimzungukazunguka kama mtu asiyeamini macho yake.

Jumapili mchana Awiti alimkuta mtoto ameketi kizingitini, sahani yake haijaguswa. Machozi yalikuwa yakimtiririka kimya.

"Una nini, mama?"

"Nataka nyanya."

Maneno hayo yalimchoma Awiti. Lakini ugonjwa huo aliufahamu vizuri. Aliuishi karibu miaka mitano. Hakumwambia mtoto, "Utazoea." Aliketi kando yake kwenye kizingiti.

"Mvua ikinyesha, udongo haukauki," alisema. "Kwa hivyo Aprili sisi hatufinyangi sana. Okeyo atabaki kibandani. Shule pia zitakuwa zimefungwa. Aprili mimi na wewe tutakwenda kwa nyanya."

Aluoch alimtazama. "Kweli?"

Zamani Awiti asingeweza kujibu swali kama hilo. Sasa alijua jibu.

"Kweli."

Mtoto alifuta uso kwa mkono. "Aprili ni lini?"

Awiti alimvuta karibu, akamshika vidole vidogo, na wote wawili wakaanza kuhesabu miezi.