Fundo la Mche wa Shelisheli

"Ufungue mche basi, mkwe wangu," baba alimwambia Tavake. "Shimo limeshachimbwa."

Sote thelathini na wanne tulioshuka mtumbwini jana tulilizunguka lile shimo. Kisiwani hapa tulikuta ndege tu, na bila shelisheli tungekufa njaa. Baba alikuwa ameahidi: aliyeunywesha mche maji yake ya kunywa siku zote ishirini na sita za baharini, ndiye atakayenioa.

Tavake alijitangaza hata kabla hatujakanyaga mchanga. "Kila alfajiri, wenzangu mmelala, nilifungua, nikaumwagia, nikafunga!" Midomo yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Mimi zuzu nikaiona mizuri tu.

Sasa alikuwa akihangaika na kamba ya makumbi iliyoufunga mche. Akavuta huku, ikakaza. Akavuta kule, ikakaza zaidi. Akaitia meno.

"Vipi, unataka kuula?" shangazi Vaite akamuuliza.

"Chumvi imekaza fundo! Nipeni gamba la kombe nikate."

"Thubutu!" baba akafoka. "Mizizi imejisokota kwenye kamba, ukikata umeua. Siku ishirini na sita ulifungua, leo umesahau?"

Tavake akatazama vidole vyake.

"Nipishe, kaka."

Alikuwa Paoa, aliyekumba maji yaliyoingia mtumbwini mwetu. Safari nzima nilimwita Midomo ya Kasa kwa jinsi ilivyompasuka. Alivuta ncha moja tu, fundo likaachia. Mche ulikuwa kijani kibichi.

"Paoa, mbona ulinyamaza nikikucheka?" nikamuuliza.

"Ningekujibu kwa mate gani, Hinarere?"

Niliona aibu. Tavake naye akanishika mkono.

"Hina mpenzi, nilidanganya kwa sababu nakupenda."

"Ulikunywa maji yako mpaka tone la mwisho, halafu ukataka na sifa za mwenye kiu. Niachie mkono!"

"Kisiwa chenyewe hiki kidogo, utanikwepa wapi?"

"Nikukwepe wewe? Nitapita mbele yako kila siku, mke wa mtu."

Baba hakungoja kesho. Alijaza kifuu maji, kama tufanyavyo kwenye harusi zetu. Nikanywa nusu, nikampa Paoa. Akaonja kidogo tu, kisha kwa mazoea akakiinamisha kuelekea mche.

Nikamshika kiganja.

"Maliza yote, mume wangu. Mche ataumwagilia Tavake. Kila alfajiri, wenzake tumelala."