Kovu Aliloliona Kwanza

Jengo limejaa watu, lifti imegoma, na fundi wa lifti mwenyewe kakaa kwenye ngazi, anahema. Ovaroli lake la bluu limelowa jasho. Dada mmoja wa gauni la kijani, viatu mkononi, akasimama mbele yake.

"Makubwa! Fundi wa lifti kashindwa na ngazi?"

"Nimeshindwa na uzuri wako, dada."

Dada akacheka, ila roho haikutulia. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za moyo hospitalini, na uhemaji ule haukumpendeza.

"Kapime moyo kwanza, ndipo unitongoze."

Kwa mrembo kama yule, nani haendi? Akapimwa. Mlango wa moyo wa kutolea damu ulikuwa umebana kiasi. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje sijasikia sauti yako?"

"Nitolee uongo hapa!"

Wakapendana, jamani, mpaka majirani wakajua.

Kisha daktari akataka kuona kama msuli wa moyo, kwa kusukuma damu kwenye mlango mwembamba, umeanza kuota makovu. Zamu ya mashine ya picha siku hiyo ilikuwa ya nani? Ya dada huyo huyo.

"Vuta pumzi. Bana. Achia," alimwambia kupitia vipaza sauti vya masikioni.

"Kwa ajili yako nabana hata mwaka."

"Nyamaza, unaharibu picha!"

Dawa ya kuonyesha makovu ikaingia mshipani. Kwenye skrini, ndani ya msuli mweusi, pakatokea weupe. Kovu.

Fundi alipotoka akauliza, "Vipi, laazizi?"

"Majibu atakupa daktari." Hata hakumtazama.

Jioni fundi akapiga simu, haikupokelewa. Kesho yake vilevile. Masikini wa Mungu, akajua ndiyo basi tena: kauona moyo wangu, kaukimbia.

Siku ya majibu alikwenda peke yake.

"Kovu lipo, ila dogo," daktari akasema. "Halitafutika, lakini limetuambia tusisubiri. Tuubadilishe mlango huo sasa, kabla halijaenea."

Nje ya chumba alimkuta yule dada, sare ya kazi mwilini, macho yamevimba kwa kulia.

"Ulinikimbia."

"Sisi wapiga picha haturuhusiwi kutoa majibu. Ningepokea simu ungeniuliza, na wewe siwezi kukudanganya. Ilifaa nikuambie hata hilo tu, kwamba siruhusiwi. Nimekosea, nisamehe."

Hasira zote zikamwisha fundi. "Daktari kasema tumewahi. Na aliyenituma nikapime ni wewe. Nikushukuru vipi?"

"Pona."

Akafanyiwa upasuaji, akapona. Siku ya kuruhusiwa, kifua bado kina bandeji, alimshika mkono pale pale wodini.

"Kovu langu halitoki. Utakubali kuolewa na mtu wa hivi?"

"Wewe nawe! Nimeliona kabla yako, na bado niko hapa."

Fundi akalia mbele ya manesi, wala hakuona haya. "Asante," akasema. "Asante, mke wangu."