Breki ya Melchior

Illuminée alikuwa anazungusha mkono wa mashine ya kurudufu, kurasa za gazeti la michezo zikitoka moja moja na unyevu wa wino, simu ilipolia. Akajipangusa kwa kitambaa, akainua simu kwa vidole viwili.

"Mademoiselle Illuminée?"

"Ni mimi, patron."

Alikuwa Ntakirutimana, mwenye gereji kule Gatsata na timu yake ya mbio za pikipiki. Nakala za asubuhi zilikuwa zimeshamfikia.

"Nimesoma habari yako ya Jumapili. Wewe mwanamke, Mungu akutunze. Hupendelei hata mchumba wako."

Illuminée aliihamishia simu sikio la pili.

"Unajua mimi nakaa pale wanapoanzia. Wakishateremka nyuma ya kilima siwaoni tena. Wewe ndiye macho yangu. Umeandika Melchior alishika breki kwenye kona mpaka pikipiki ikazima, akamaliza wa mwisho. Basi, imetosha. Pikipiki mpya iliyotoka Bujumbura nimempa Gasana. Mtu anaogopa kona, nimpe chombo kipya cha nini?"

"Umeshamwambia Melchior?"

"Sasa hivi. Nimemwonyesha gazeti. Nimemwambia, soma, hata anayekupenda ameona."

Simu ilipokatika, Illuminée aliokota ukurasa mmoja, akaisoma tena habari yake. Hakuna neno la uongo alilokuwa ameandika. Tangu vita ifunge barabara ya Byumba, mbio zilikuwa zimebaki za kuzunguka kilima kule Kicukiro, na mwandishi aliyekuwa tayari kula vumbi la kona ya mteremko alikuwa yeye peke yake. Aliona yote. Gasana alikuwa mbele, akateleza, akaanguka, mguu ukabaki chini ya pikipiki. Melchior, aliyekuwa nyuma yake, akashika breki, akasimama, akangoja mwenzake autoe mguu. Gasana alipanda tena akaondoka. Pikipiki ya Melchior ilikuwa imezima.

Alikuwa amelipiga chapa hilo pia, mistari miwili. Kisha akachukua chupa ya dawa ya kufutia, ile yenye harufu ya rangi ya kucha, akaipaka mistari hiyo mpaka ikapotea. Tangu uchumba wao ujulikane, watu wa mtaa wake wa Muhima walikuwa wakimtania dukani: "Wiki hii mume umemwandikia ushindi gani?" Naye akawa kama muuza chumvi anayeogopa kuambiwa anawajazia ndugu zake, mpaka akawa anawapunja.

"Mbona mashine imenyamaza?" aliuliza Habiyaremye, mhariri wake, kutoka chumba cha pili.

"Nakwenda Gatsata."

"Kurasa je?"

"Kuna kitu nilikifuta, mzee. Nakwenda kukitafuta."

Habiyaremye akachungulia, akamtazama usoni, akarudisha kichwa ndani bila kuuliza zaidi.

Alipofika gereji alimkuta Melchior amechuchumaa kando ya pikipiki yake ya zamani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limevuliwa, na yeye alikuwa anausugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu ndani ya kopo la mafuta ya taa. Gasana alikaa juu ya kreti akiitazama pikipiki mpya kwa mbali, kama mgeni aliyewekewa chakula bila kukaribishwa.

"Usisogee sana," Melchior alisema bila kuinua macho. "Chini kuna mafuta."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Breki si nilishika?"

"Melchior."

"Nilishika, sikushika?"

"Ulishika."

"Basi uliandika ukweli."

"Niliandika nusu. Nusu ya pili niliipiga chapa, halafu nikaifuta. Niliogopa watu waseme mapenzi ndiyo yanayoandika."

Mswaki ukasimama.

"Msimu uliopita," alisema Melchior taratibu, "Gasana alianguka pale kwenye daraja la miti. Uliandika matope yalimwangusha. Wiki iliyofuata nikaanguka mimi, palepale. Unakumbuka uliandikaje?"

Illuminée alikumbuka. Alitamani asingekumbuka.

"Niliandika ulianguka."

"Matope yalikuwa yaleyale. Hayakukauka kwa ajili yangu."

"Najua."

"Hujui. Mimi nilikuwa nasoma, nasema, labda ndivyo nilivyo. Labda sijui kuendesha. Kwa sababu watu wote wanaweza kunionea, ila si wewe. Kama wewe umeona mimi mwoga, basi mimi mwoga. Nikawa naogopa kweli."

Illuminée aliinamia kopo. Lawama hiyo hakuwa ameifikiria hata siku moja, nayo ndiyo iliyomwingia.

"Wajomba nimewaambia wasije kwenu Jumamosi," Melchior aliendelea. "Siwezi kuwatuma wakamwombe baba yako binti anayeona aibu kunipenda."

Chozi likamdondoka Illuminée, likaingia kwenye kopo.

"Shemeji," Gasana alisema kutoka kwenye kreti, "usilie humo. Mafuta ya taa yamekuwa adimu, ukiyachanganya na maji tutakudai."

"Gasana, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba alisimama kwa ajili yako."

Gasana akakuna kidevu. "Sisi waendeshaji tuna neno letu. Ya kwenye kona huachwa kwenye kona. Mwenzako akikuokoa, hakutangazi, na wewe humwendei patron kujianika. Tulijua wewe umeona. Tulisema, Illuminée ataandika."

Ntakirutimana alikuwa ametoka ofisini kwake, kalamu ingali sikioni.

"Ataandika nini?"

Illuminée akamgeukia, akamweleza yote: mguu chini ya pikipiki, breki, mistari miwili iliyofutwa. Patron alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mademoiselle, mimi nimwamini yupi? Wa asubuhi au wa mchana? Asubuhi nimekusifu kwa kuwa hupendelei. Mchana umekuja kwa miguu kumtetea mchumba."

"Una haki ya kuuliza."

"Usiniambie haki. Niambie jibu."

Mtego huo Illuminée alikuwa amejitegea mwenyewe: siku aliyotaka kusema kweli yote, kweli ilikuwa imevaa nguo za upendeleo.

Gasana akainuka akichechemea kidogo, akakunja suruali. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na kuiva rangi ya bilinganya.

"Patron, hii ni ya kona ile. Angepita bila breki, angepita juu yangu."

"Na ulikuwa umekaa hapo unaitazama pikipiki tu? Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hukuniuliza mimi. Uliliuliza gazeti."

Mafundi wakaacha kugonga. Ntakirutimana aliitoa kalamu sikioni, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Ifunikeni hiyo pikipiki," alisema hatimaye. "Isipandwe na mtu. Jumapili nitakwenda kusimama kwenye kona mwenyewe, na vumbi nitakula. Na wewe, mademoiselle, utaandika nini?"

"Yote niliyoyaona. Na juu kabisa nitaandika kwamba Melchior ni mchumba wangu, kama bado ni mchumba wangu. Msomaji apime mwenyewe."

"Watakucheka Muhima yote."

"Wacheke."

Patron akarudi ndani akinung'unika. Illuminée akakunja mikono ya blauzi, akachuchumaa, akachukua kitambaa na kuanza kupangusa upande wa mnyororo uliokwisha kusuguliwa. Melchior hakumzuia. Hakumkaribisha pia.

"Nitamwambia Habiyaremye amtume mtu mwingine akuandike," alisema Illuminée.

"Hapana. Niandike wewe. Ila niandike kama unavyomwandika Gasana."

"Gasana simpendi."

"Ndiyo maana unamtendea haki."

"Nimesikia hapa," Gasana alisema.

Melchior alikaribia kucheka, akajizuia. Wakaendelea kusugua, pete kwa pete ya mnyororo, mpaka fundi mkuu alipoanza kuteremsha mlango wa bati. Siku hizi walifunga mapema, kabla askari hawajaweka kizuizi barabarani pale Nyabugogo.

"Haujaisha," alisema Illuminée.

"Hauishi leo. Uache ulowe humo. Tutauvalisha kesho."

Alisikia ile "tu" ya "tutauvalisha", akaogopa kuitegemea.

"Na wajomba?"

Melchior alijipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Kesho nitapita Kicukiro kwao. Wale ni watu wazima, huwezi kuwarudisha na kuwaita kama kuku. Sijui nitawaambia nini."

"Waambie yote. Hata nusu yangu mbaya."

"Wataniuliza kama nimekusamehe."

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia bado nalifanyia kazi hilo," alisema, akaliweka kopo pembeni ya gurudumu lililovuliwa, akamshikia mlango ulioshuka nusu ili apite kwanza.