Njia Isiyotajwa

"Kuanzia leo una ruhusa ya kulitaja jina la baba yangu."

Zibuyile alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, mikono yake ikikunja michoro ya kazini. Akaiacha michoro ikaanguka.

"Unasema nini, Shamase?" akauliza, akimwita mchumba wake kwa jina la sifa la ukoo wake.

"Usiniite hivyo. Nimeiona ramani yenu ukumbini. Kiwanja cha baba mmekigeuza maegesho ya magari, na jina lako liko chini yake. Basi tumeachana. Litaje tu jina lake, kwetu huna tena wa kumheshimu."

Simu ikakatwa.

Msichoke na mimi, niwaeleze jambo hilo lilivyo kwa Wazulu. Makoti, yaani bibi harusi, hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Marehemu baba yake Sakhile Mkhwanazi, mchumba wa Zibuyile, aliitwa Ndlela. Na indlela ni njia. Sasa mfikirie binti wa watu ambaye kazi yake, hapo Durban, ni kuchora bustani za umma na njia za kupita waenda kwa miguu. Tangu ng'ombe wa mahari walipofika kwao, Zibuyile alikuwa akisema inyathuko, neno la heshima walilolitumia bibi zake. Wenzake kazini walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Yeye aliona raha, maana kila alipolikwepa neno lile alijiona ameshaolewa.

Mtaa wa kina Sakhile ni Mzamo, kwenye mabanda ya zamani ya reli. Mabanda yalikuwa yanageuzwa kuwa nyumba za ghorofa, na kando ya kijito ikapangwa bustani. Miaka ya nyuma Mzee Ndlela aliwashika mkono majirani wakaliondoa jalala lililokuwapo, wakapata kiwanja. Hapo mpira ulichezwa, na hapo watu waliketi kwenye misiba. Zibuyile aliipitisha njia nje ya kiwanja, chini ya miti. Mkuu wake, Bwana Mokoena, akaibadilisha ramani ili kuwapendeza wajenzi wa ghorofa, akaliacha jina la Zibuyile palepale.

Zibuyile alimwandikia Sakhile: "Si mimi niliyechora vile. Nakuomba unisikilize."

Jibu likaja: "Ulijua au hukujua?"

Alikuwa ameiona ramani ile kabla haijabandikwa. Alinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi, akajidanganya kwamba atambembeleza mkuu wake polepole. Aliandika uongo, akaufuta. Mwisho akaandika neno moja: "Nilijua."

Baada ya hapo Sakhile hakupokea simu wala hakujibu ujumbe. Zibuyile alilia mpaka macho yakavimba. Lililomuuma zaidi ni kwamba mwenzake hakuwa amemsingizia.

Siku ya mkutano wa wakazi, ukumbi wa kanisa ulijaa hadi mlangoni. Wanaume wa Mzamo walikaa nyuma wamekunja mikono, Sakhile akiwa kati yao, amekonda. Mama yake, MaKhumalo, alikaa mbele na wanawake wenzake. Bwana Mokoena akasalimia kwa maneno matamu, kisha akamkabidhi Zibuyile kipaza sauti awasomee wazee kwa Kizulu. Ukutani, juu ya picha ya bustani, yaliandikwa maneno makubwa: Indlela yaseMzamo. Njia ya Mzamo.

Zibuyile akayatazama. Kuyasoma ilikuwa ni kukubali kwamba ameachika.

"Inyathuko yaseMzamo," akasema.

Wanawake wa mbele wakageukiana. Bwana Mokoena akainama sikioni kwake.

"Soma kilichoandikwa, dada. Hii inarekodiwa."

"Siwezi, Bwana Mokoena."

"Huwezi vipi? Si uchumba wenyewe ulishavunjika? Mtaa mzima unajua."

Alinong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. Ukumbi wote ukasikia. Zibuyile akawageukia wakazi, akasema:

"Waliokuja kwetu kuniposa ni wazee wa kina Mkhwanazi. Hakuna mzee aliyerudi kusema wamenikataa. Mpaka aje, jina hilo silitaji. Na jambo jingine. Ramani hii siyo niliyochora. Yangu ilikiacha kiwanja. Nilipoona imebadilishwa nikanyamaza, nikaogopa. Kosa hilo ni langu, na ninawaomba radhi."

Bwana Mokoena akamnyang'anya kipaza sauti na kumwambia, bila kuficha, kwamba kazi hiyo siyo yake tena. Sauti yake ikamezwa na minong'ono, kwani MaKhumalo alikuwa amesimama.

"Nani aliyemwambia makoti wangu alitaje jina la mume wangu?"

Akageuka nyuma taratibu.

"Nauliza."

"Ni mimi, Mama," Sakhile akasema.

"Ulikwenda kwao na wazee gani?"

"Sikwenda na mtu. Nilipiga simu."

"Ulipiga simu." Alilitafuna neno hilo kama chakula kilicholala. "Baba yako aliwatuma watu na ng'ombe kabla hajafa, wewe unavunja kwa simu. Kaa chini. Unanitia aibu."

MaKhumalo akavua shali yake, akapanda jukwaani na kumfunika Zibuyile mabega mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia Bwana Mokoena na wenzake na kuwaambia kwamba ramani ile Mzamo hawaitaki, waje na ile ya binti huyu. Watu wakanyoosha mikono, na haikuwapo mikono ya kupinga.

Nje, Sakhile alimkuta Zibuyile kwenye ukuta wa kanisa.

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza," akasema. "Nisamehe."

"Nami nilikuficha. Hilo nimelikiri mbele ya watu. Lakini wewe ulinitupa, Sakhile. Ulinitupa kama mtu asiye na kwao."

"Nifanye nini?"

"Ninako kwetu. Nenda ukayaseme huko uliyoniambia kwenye simu."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Alitaka sana kugeuka.

Jumamosi iliyofuata, huko kwao Ndwedwe, Zibuyile alikuwa jikoni kwa mama yake aliposikia sauti langoni. Mgeni mwenye shida hapigi hodi tu, husimama nje akiwasifu wenye nyumba kwa majina ya ukoo wao hadi waridhike.

"Mapholoba! Fuze! Nimekuja kuomba msamaha, Mapholoba!"

Alikuwa Sakhile, amekuja na mjomba wake mmoja na mbuzi. Baba yake Zibuyile, Mzee Ngcobo, alikuwa kivulini akinywa chai, akaendelea kunywa. Jua likapanda. Sauti langoni ikaanza kukwaruza, ikawa ya kukohoa, lakini haikukoma. Zibuyile alishika mwiko bila kukoroga chochote. Kutoka asingeweza, na kumwombea pia asingeweza.

"Baba, atapoteza sauti," mama yake akasema.

"Aipoteze. Alikuwa nayo nyingi kwenye simu."

Wakasikia Sakhile akianza tena, safari hii akieleza alilolifanya, neno kwa neno, majirani wakisikiliza kwenye nyua zao. Aliposema kwamba alimwacha mtoto wa watu kwa simu, akashindwa kuendelea. Akawa analia langoni, mwanaume mzima.

Mzee Ngcobo akaweka kikombe chini. Akamwita binti yake.

"Ramani wamekubali ile yako?"

"Wamekubali, Baba. Lakini kazi wamempa mtu mwingine aimalizie."

"Na huyu? Bado unamtaka?"

Zibuyile akainamisha kichwa. Machozi yalimtangulia kabla ya jibu.

"Namtaka, Baba."

"Basi usinililie mimi," mzee akasema. "Nenda ukamfungulie, kabla hajanimalizia majina ya babu zangu."