Alama Nyekundu Juu ya Jina la Merdi

Kyakimwa alimpenda Merdi kwa sababu ambayo haikuwa ya kweli. Tuliseme hilo mapema, ili baadaye asilaumiwe mtu.

Watu walikuwa wamejipanga tangu asubuhi mbele ya ofisi ya kampuni moja ya simu, pale Makiso, katikati ya mji wa Kisangani. Vita vilikuwa vimewaka tena mashariki, na wakubwa walikuwa wametoa amri. Picha za vita zisitumwe, na kila mwenye namba ya simu aje ahakikishwe umri. Mtu mzima angebaki na mtandao wake. Aliye chini ya miaka kumi na minane angebakiwa na sauti peke yake, kupiga na kupigiwa, bila ujumbe wala picha, na kila alikopiga jina lake lingetokea na alama nyekundu: Mineur, yaani mtoto. Ambaye hangekuja kabisa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, namba yake ingekatwa.

Kyakimwa alikuwa na haraka. Wazazi wake walikuwa wamekimbia Kirumba na kujibanza Butembo kwa ndugu, na habari zao zote zilimfikia kwa simu. Alivaa blauzi ya njano na kikwembe cha majani ya bluu, nywele zimesukwa nyuma, jasho likimtiririka shingoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye mabega mapana, ndani ya jaketi jeupe la michezo, na kijana huyo alikuwa anamkera. Kila aliyefika alimpisha. Mama mwenye mtoto mgongoni, pita. Mzee mwenye fimbo, pita. Hata mfanyabiashara mnene asiye na shida yoyote, pita baba.

"Ya, weye hauna kazi?" Kyakimwa akamwuliza. Alimwita *ya*, kama Kisangani nzima inavyomwita kaka aliyekuzidi umri, maana yeye alikuwa na ishirini na mitatu na alimwona amemzidi kidogo.

"Kazi niko nayo."

"Mbona unapitisha batu wote?"

"Nawaonea huruma. Jua iko kali."

"Na miye haunionei huruma?"

Merdi akageuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Weye nilitaka ubakie nyuma yangu kidogo. Lakini bon, pita."

Kyakimwa alipotoka ofisini alimkuta kivulini, ng'ambo ya barabara, ameshika mikate miwili ya moto ndani ya karatasi.

"Haukuingia?"

"Ntarudia siku ingine. Nilikuwa nakungojea."

Kyakimwa alipokea mkate, akaung'ata ili asitabasamu sana. Mwanaume anayepisha watu wote halafu anapoteza siku yake kwa ajili ya msichana asiyemjua! Jioni alimsimulia shangazi yake, tante Kavugho, aliyemhifadhi mtaani Kabondo na kumpa kazi katika duka lake la viatu. Alimsimulia mara mbili.

Ukweli ni kwamba Merdi alikuwa anaiogopa ile ofisi kama mtu anavyoogopa daktari wa meno. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alizaliwa Lubunga, ng'ambo ya mto, katika zile siku sita ambazo majeshi mawili ya kigeni yalipigania mji huu kwa mizinga. Lakini leseni yake ya mpira ilisema ana kumi na saba. Kocha wake, Clovis, ndiye aliyempunguzia miaka, na tangu hapo Merdi alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi kabla ya mazoezi. Kadi ya mpiga kura, ambayo huku ndiyo kitambulisho cha wengi, hakuwahi kuichukua, kwa kuwa mtoto hapigi kura. Mwezi wa kumi na mbili timu ya vijana ilikuwa inakwenda Kinshasa, mbele ya macho ya watu wanaonunua wachezaji, na Merdi alikuwa amekwisha kujenga kichwani nyumba ya mama yake. Akisema umri wake, safari imekufa. Akionyesha leseni, anakuwa mtoto kwenye simu ya kila mtu. Ndiyo maana alikuwa anakuja, anajipanga, anapisha watu, na kurudi nyumbani.

Mapenzi yao yalishika upesi. Jioni Merdi alivuka mto kwa mtumbwi, jaketi limefuliwa na kupigwa pasi, akamngoja Kyakimwa afunge duka. Walikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kwa mama mmoja karibu na bandari, wakizozana ni nani amalize pilipili. Akirudi kwake, simu inaanza.

"Ya Merdi, umefika?"

"Nimefika. Lakini roho yangu imebakia kule Kabondo, sijui kama tante ataifungulia mulango."

"Tante ataipiga na kiatu."

"Kiatu gani? Ile ya jumla ao ya rejareja?"

"Nenda ulale, muongo weye."

Alisema kwa kucheka, lakini Merdi alilala macho wazi.

Siku ya mwisho ya amri ilifika. Safari hii Merdi hakumpisha mtu. Aliweka leseni mezani, na msichana wa ofisi akaitazama picha, akautazama uso, akarudi kwenye picha.

"Kumi na saba?"

"Kumi na saba, madame."

Msichana alikuwa amechoka na foleni ilikuwa ndefu. Akabonyeza, akaita mwingine.

Jioni ile simu ya Kyakimwa ililia juu ya meza ya duka, kati ya masanduku ya sandali. Tante Kavugho ndiye aliyekuwa karibu. Aliinama kusoma, akavaa miwani, akainama tena.

"Kyakimwa, kuya hapa. Uyu si njo Merdi wako?"

"Njo yeye, tante."

"Soma."

Alisoma. Alama ilikuwa nyekundu kabisa, haina mashaka. Akakaa juu ya sanduku.

"Mutoto wa kumi na saba," tante akasema taratibu. "Na weye unamuita *ya*. Mama yako akinipigia kesho, ntamuambia nini?"

Simu ikalia tena. Kyakimwa alipokea, na sauti yake ilikuwa baridi.

"Allô, leki."

*Leki* ni mdogo wako, yule unayemtuma chumvi.

"Chérie, ni miye."

"Najua ni weye. Umemaliza devoirs za shule? Mama amekupa chakula?"

"Kyakimwa, ngoja nikuelezee..."

"Ulale mapema. Kesho kuko masomo."

Akakata. Halafu akalia kwa aibu na hasira, mpaka mteja aliyekuja kununua raba akaondoka bila kuuliza bei. Alikumbuka mkono wake ndani ya mkono wa yule mtu, pale bandarini, akajiona kama aliyeiba.

Merdi alipiga tena na tena, hakupokelewa. Kesho yake alivuka mto mapema, hajanyoa. Makusudi. Alisimama mlangoni mwa duka na ndevu zake, na tante Kavugho akamtazama kwa muda mrefu.

"Iyi ndevu, mutoto wa kumi na saba ameitoa wapi?"

"Tante, niko na makumi mbili na tano. Licence iko inadanganya. Naomba mumupigie mama yangu, hajui kama niko hapa."

Walimpigia Lubunga, sauti ikafunguliwa dukani ili wote wasikie. Mama Florentine hakuelewa kwa nini watu anaowajua kwa jina tu wanamwuliza habari za uzazi wake, lakini alijibu.

"Merdi? Nilimuzala chini ya kitanda, mama. Mabomu ilikuwa inapita juu ya nyumba. Mwenye alinizalisha alikuwa jirani, na yeye nayo alikuwa analia. Bamama wote wa hapa wanajua. Juu ya nini, amefanya mabaya?"

"Hapana, mama," Kyakimwa akasema. "Bado tunaangalia."

Alipokata simu, kifua chake kilishuka. Alikuwa amempenda mtu mzima, na ile aibu ilimtoka mwilini. Merdi akaona, akatabasamu. Alitabasamu mapema mno.

"Donc hauko mutoto," Kyakimwa akasema. "Uko muongo."

"Niliogopa kukosa Kinshasa."

"Ile siku ya foleni, ulikuwa unaonea batu huruma?"

Merdi alitazama chini. "Nilikuwa naogopa guichet ya ofisi."

Hilo lilimuuma Kyakimwa kuliko alama. Alipanga jozi moja ya viatu iliyokuwa imepangwa tayari.

"Ku timu yenu, hakuna mwenye kumi na saba ya kweli?"

"Kuko Arthur. Anacheza nafasi yangu."

"Anacheza?"

"Hapana, anakalia banc."

"Njo hapo. Kwetu tumekimbia, Merdi. Niliacha nyumba, niliacha masomo, batu wengine walikalia nafasi yetu, na hakuna mwenye aliniomba pardon. Na weye unakalia nafasi ya mutoto, unaona ni muchezo." Akaviacha viatu. "Nakupenda, sitakuficha. Lakini usinipigie mpaka ujue uko na miaka ngapi."

Kwa wiki nzima Merdi hakupiga. Kyakimwa aliuza viatu, akajifanya mzima, na tante akajifanya kuamini.

Merdi alikwenda uwanjani. Kocha Clovis alikuwa anajaza mipira upepo.

"Coach, sitaenda Kinshasa. Miaka yangu haiko ile."

Clovis akacheka. "Unaniambia miye? Ile karatasi nani aliitengeneza?"

"Najua. Uweke Arthur."

Kicheko kikaisha. Clovis alitazama kama kuna anayesikia. "Ukianza kusema ya kweli, batoto wangu wengi watabakia. Unajua iyo?"

"Miye nasema yangu tu."

"Juu ya mwanamuke?"

"Juu ya mwanamuke. Juu ya Arthur nayo. Na miye mwenyewe, coach, nimechoka kunyoa ndevu."

Timu ilipanda ndege bila yeye. Alikwenda kuwaaga, akawashika mikono mmoja mmoja, na Arthur alijawa na furaha hata akasahau kusema asante. Akivuka kurudi Lubunga Merdi alilia ndani ya mtumbwi mbele ya wauza mihogo, na hakujali. Ilikuwa ndoto ya miaka mingi. Inauma, na isingekuwa haki kusema haikuuma.

Kisha akapiga. Dukani jina lake lilitokea na alama yake ileile nyekundu. Kyakimwa alipokea kabla mlio haujaisha.

"Niko na makumi mbili na tano," Merdi akasema. "Timu imeenda. Arthur ameenda."

Kyakimwa aliisikiliza pumzi yake. "Unalia?"

"Kidogo."

"Lia, ntangojea." Akangoja. Baadaye akauliza kwa upole, "Sasa mbona hapa ku telefone ungali mutoto?"

"Nilienda ofisi ya simu. Wanasema nilete karatasi ya mahakama, ya tribunal. Tribunal wanasema nirudie, halafu nirudie tena. Niliwaonyesha ndevu. Wanasema ndevu haiko document."

Kyakimwa alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka machozi, na upande wa pili Merdi naye akaanza, wakacheka hivyo wawili, mmoja amepoteza timu ya watoto na bado hajapokelewa na wakubwa.

"Kuya jioni," akasema. "Nimekukosa sana."

Hivyo ndivyo walivyopendana miezi ile, jioni ana kwa ana, mchana kwa sauti tu. Merdi alipata pikipiki ya mtu ya kubebea abiria, na kila alipomshusha mteja alimpigia Kyakimwa kumwambia ameona nini mjini. Siku ambazo risasi zilikaribia Butembo na baba wa Kyakimwa hakupokea simu, Merdi alikaa naye kwenye laini bila kusema kitu, wakisikilizana wanavyopumua. Tante Kavugho alikuwa akiona alama ikiwaka anaita, "Kyakimwa, mutoto wako analia, umunyonyeshe." Lakini aliita kwa kumpenda. Alikuwa amekwisha kumpunguzia Merdi bei ya viatu, jambo ambalo hakumfanyia hata padri.

Mashine ya kampuni haikujua tribunal wala ndevu, ila ilijua kuhesabu. Kwa leseni ile ya uongo, Merdi alitimiza kumi na minane katikati ya mwezi wa tatu. Asubuhi hiyo, Kyakimwa akiwa anafagia mbele ya duka, simu ilitoa mlio mfupi wa ujumbe. Jina lilikuwa limesimama peke yake, bila alama.

*Kyakimwa. Naandika mimi Merdi wa Lubunga. Nataka kukuoa. Nataka kuja na mama yangu kwa tante, na tupigie baba yako, nimwambie jina langu na miaka yangu yote. Sina timu. Niko na pikipiki ya mtu. Kama unakubali uniambie.*

Aliusoma amesimama, akausoma ameketi. Tante aliusoma juu ya bega lake bila kuomba ruhusa. Kyakimwa hakuandika jibu, alipiga.

"Umesoma?" Merdi akauliza. Nyuma yake pikipiki ilikuwa bado inanguruma.

"Nimesoma. Lakini tulikuwa pamoja jana jioni. Tulikula, ulinisindikiza. Juu ya nini haukuniambia na mudomo?"

Merdi akazima pikipiki.

"Juu mudomo wangu umeshakudanganya. Nilitaka ikuwe ya kuandika, na tarehe juu, siku moja nikijaribu kukataa unionyeshe. Na batu wanasema wakubwa wanasoma kwanza message ya kila mutu. Basi wasome. Njo batu ya ushuhuda niko nayo."

Barabara ya Kabondo ilikuwa imejaa baiskeli na wanafunzi, na Kyakimwa alikuwa analia mbele yao wote, fagio mkononi. Hakujificha. Alivuta pumzi, akajifuta na ncha ya kikwembe.

"Nimekubali," akasema. "Umulete mama. Na usiifute ile message, hata ku telefone yako."